Paja la Dama

Mishi na Zawadi, msimkande mtu yeyote kabla hamjasoma hapa mpaka mwisho. Najua mshapewa mkoba. Najua mshaambiwa kwamba kazi ni rahisi, ni barafu na bandeji na mafuta ya kuchua, na kwamba mimi niliondoka kwa sababu nina mdomo. Mdomo ninao, sikatai. Lakini nimeona niwaandikie mambo ya kazi yenyewe, tangu siku niliyoanza mpaka nilipourudisha huo mkoba, maana hakuna mwingine atakayewaambia. Wanaojua wananyamaza.

Watu wananicheka nikisema nimestaafu. Mama yangu kule Junju ndiye anayecheka kuwashinda wote, anasema mtu hastaafu kabla hajaota mvi. Sawa. Lakini tangu nimalize fomu foo sijafanya kazi nyingine ila kushughulikia miguu ya timu ya wasichana ya Kilifi, na sasa sifanyi tena wala sitafanya. Kama hilo lina jina jingine, nipeni.

Nani alikuwa mwenyekiti na nani akapandishwa cheo kwenye kamati, hayo sitayaandika. Hayakumponya mtu.

Nilianza hivi. Nilikuwa kipa wa akiba, na kipa wa kwanza alikuwa mtu asiyeugua hata mafua. Siku moja Kocha Karisa akanikuta nimekaa benchi nimekunja mikono, akaniambia mikono hii mikubwa inapotea bure, njoo ushike mkoba. Ndiyo mahojiano ya kazi yalikuwa hayo. Wakanipeleka mafunzo ya huduma ya kwanza kwenye ukumbi wa kanisa. Tulifundishwa kwa mdoli wa plastiki wa kufufulia watu, ana kichwa na kifua, basi. Miguu hana. Nikarudi na cheti changu, nikaanza kazi ya miguu.

Siku ya kwanza uwanjani beki wetu alipigwa kiatu kwenye kifundo. Nikakimbia na barafu. Sasa, barafu ya timu mnajua inatoka wapi, inatoka kwa wauza samaki, kwa sababu ndiyo ipo karibu na ndiyo hawatunyimi. Yule beki amelala chini analia, mara akaacha kulia akaniuliza, "Kadzo, hii umeniwekea barafu au umeniwekea changu mzima?" Uwanja mzima ukasikia. Kwa hiyo la kwanza, ioshwe. La pili, isiguse ngozi, ifungeni kwenye taulo. La tatu, ni ya kutuliza maumivu tu, mnaiweka kidogo mnaitoa, sio mtu anaachwa nayo mpaka ngozi inakuwa nyeupe hajui kama ana mguu.

Bandeji zikiisha, na zitaisha, tumieni leso kuukuu. Kuukuu kweli, iliyofuliwa mpaka imelainika, kwa sababu mpya inateleza. Anzeni chini mkipanda juu. Halafu angalieni vidole vya miguu. Vikiwa baridi au vinafura, mmebana, fungueni. Mambo haya madogo ndiyo kazi. Mtu anayetaka makubwa aende akawe mwenyekiti.

Sasa nije kwenye lile ambalo limenifanya nikae chini niandike.

Timu yetu ina desturi inaitwa kuvunja damu. Mtaiona. Mchezaji akigongwa paja au shavu la mguu, pakafura pakawa peusi, Kocha anabonyeza kwa kidole gumba anasema, "Damu imevilia. Ivunjwe." Maji ya moto yenye chumvi, taulo, halafu vidole gumba viwili, halafu chupa ya soda inasukumwa juu ya msuli kama mtu anasukuma chapati. Wenzake wawili wanamshika mabega. Akilia, watu wanafurahi, wanasema hiyo ndiyo damu inavunjika. Asipolia wanasema bado haijafikiwa penyewe, wanaongeza. Kazi hiyo Kocha anaifanya mwenyewe. Chupa yake anayo, ya kioo, ya zile nene za zamani, na anaringa nayo.

Sio kwamba kukanda ni kubaya. Nisije nikasikia mmesema Kadzo alikataza kukanda. Mtu aliyechoka mkandeni. Mtu mwenye msuli uliokaza, aliyepona zamani akabaki na ugumu, mkandeni mpaka asinzie. Ninayosema ni jeraha bichi. Hilo msiliguse.

Mimi haya niliyajua kwa kutukanwa. Nilimpeleka mchezaji hospitali na kifundo, nikapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo, nikamkuta Madam Nafula. Huyu ni mtu wa bara, amekaa pwani miaka na miaka lakini Kiswahili chake bado kifupi kama anaandika ujumbe wa simu, hana salamu ndefu. Akaangalia kifundo, halafu akapandisha suruali ya yule msichana, akaona alama za vidole kwenye shavu la mguu. "Nani amefinya huyu mtoto?" Nikamweleza kuvunja damu. Alinigombeza mbele ya foleni nzima, wazee kwa watoto, wengine wakawa wanatikisa kichwa wananionea huruma. Alipomaliza akaniambia nije Alhamisi. Nikadhani nakuja kugombezwa tena. Nikaenda kila Alhamisi tangu hapo.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuweka mikono nyuma. Kweli kabisa. Mgonjwa analala, mimi nasimama mikono nyuma kama niko paredi ya shule, naangalia tu. Miguu yote miwili, sio ule mbaya peke yake, kwa sababu ule mzima ndio unaokuambia mbaya umebadilika kiasi gani. Halafu unapima mzunguko kwa futi ya fundi cherehani. Halafu unagusa kwa mgongo wa mkono, sio kiganja, unasikia joto. Ukimaliza hayo ndipo unaruhusiwa kuuliza. Mimi sina subira, nilitaka anipe dawa ya uvimbe nirudi nayo uwanjani. Nikamuuliza hivyo, uvimbe unatolewaje. Akaniuliza, "Nani alikwambia unatolewa?"

Ndipo akanionyesha video kwenye kompyuta yake. Samaki mdogo sana, mchanga, mwembamba kama uzi, mwili wake unaona mpaka ndani kama chupa. Wamemchoma msuli wa mkia kidogo tu. Ukiangalia unaona vidoa vinavyong'aa, viko huku na huku mwilini, kila kimoja na shughuli zake. Ule msuli ukishaumia, vile vidoa vinageuka. Vinaanza kuja. Kimoja kinatoka huku, kingine kule, vinajivuta, vinanyoosha kama mguu mbele halafu mwili unafuata, vinapita penye njia na pasipo na njia, vyote vinaelekea mkiani penye jeraha. Hakuna aliyeviita kwa jina.

Madam akanieleza kwa maneno yake, na mimi nawaeleza kwa yangu. Msuli ni nyuzi. Nyuzi zikipondwa, vilivyokuwa ndani vinamwagika, na vikimwagika vinaeneza kitu kama harufu. Mmeshaona siafu na kipande cha samaki kilichoanguka jikoni. Siafu haoni, lakini anafuata harufu pale inapozidi. Chembe nyeupe za damu ndivyo zinavyofanya. Zinapita zake ndani ya mshipa, zikifika karibu na jeraha ukuta wa mshipa unakuwa unanatanata, zinapunguza mwendo, zinabingirika, zinashika, halafu zinajipenyeza ukutani na kutoka nje. Wanaofika mwanzo, ndani ya saa chache, ni wafagiaji wakali. Wanakula uchafu, wanakula nyuzi zilizokufa, na wenyewe hawaishi sana, wanafia kazini. Nyuma yao wanakuja wakubwa zaidi. Hao wanakula kilichobaki, na wale wa mwanzo waliokufa wanawala vilevile. Halafu wakishasafisha, hawa wakubwa wanabadilika. Walewale. Wanaacha ugomvi, wanaanza kuziamsha chembe za kujenga, ambazo siku zote zimelala pembeni ya nyuzi za msuli zinangoja kuitwa. Hizo ndizo zinazotengeneza nyuzi mpya.

Na ile njia ya mshipa kufunguka, na maji kutoka pamoja na zile chembe, na joto, na wekundu, ndio uvimbe. Uvimbe ni kazi imeanza. Ukiuona ukapaniki ukaubonyeza, unapasua tena mishipa midogo, damu mpya inamwagika, nyuzi mpya zinakatika, na wafagiaji wanaanza upya kabla wajenzi hawajaamshwa.

Niliangalia ile video mpaka ikanikera. Nikamuuliza Madam mbona wanakwenda polepole hivi.

"Hapo wameharakisha picha," akasema. "Kwa ukweli ni polepole kuliko hiyo."

Basi nikarudi uwanjani na elimu yangu. Mshambuliaji wetu akagongwa shavu la mguu, nikamfunga, nikamwambia alale mguu juu ya mto, nikakaa mlangoni kwake kama mgambo Kocha asiingie na chupa. Akapona vizuri. Kocha akasema alikuwa na bahati. Mwingine akapona hivyohivyo. Kocha akasema huyo naye hakuumia kweli. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na mpaka leo sijamaliza.

Dama mnamjua kwa jina. Msichana wa Tezo, namba kumi, mguu wa kushoto. Nyinyi mmeingia ameshaondoka kwa hiyo hamkumwona akicheza, na mimi siwezi kuwachezea hapa kwenye karatasi. Mama yake analima mahindi na muhogo, hana mtu mwingine wa kumsaidia. Dama alikuwa amemaliza shule na alama zake ni hivihivi. Sasa chuo kimoja cha Mombasa kilikuwa na timu, na kilikuwa kinachukua wasichana wanaojua mpira, wanawasomesha. Wakatuma habari kwamba watakuja kutuangalia mechi ya Jumamosi. Kila mtu alijua wanakuja kumwangalia nani.

Jumapili kabla ya hapo tukawa na mechi ya kirafiki Malindi, upande wa Shella. Mechi isiyo na maana yoyote. Dama akaruka, beki wao akaingia na goti, likampata katikati ya paja mbele. Nilisikia mlio nikiwa benchi. Paja la mbele likigongwa hivyo, sikilizeni vizuri, mnamfunga goti likiwa limekunjwa, sio limenyooka, ule msuli ukae umenyooshwa. Nilimfunga hivyo na leso mbili, akarudi mpaka Kilifi amekaa mguu umekunjwa, na Kocha akawa anamtania kwamba anaatamia mayai.

Jumanne paja lilikuwa limefura kweli, jeusi, la moto. Kocha akalibonyeza. Mnajua alisema nini. Nikamwambia Kocha, hapana, hili silo la kuvunja, na nikaeleza mbele ya timu yote mambo ya zile chembe. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa. Nikasema askari wa mwili wako njiani.

"Askari gani?" akasema. "Mimi naona uvimbe."

"Uvimbe ndio wao, Kocha. Wameshafika."

"Basi waambie mechi ni Jumamosi."

Walicheka wote. Utani wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kukataa, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu akikushinda kwa utani hata maneno ya kweli uliyokuwa nayo yanaonekana ya kijinga.

Dama hakucheka. Alinifuata nikiwa nakunja bandeji, akaniambia nimkande mimi basi, polepole, kama sitaki Kocha amkande. Nikakataa. Akaniambia mguu ni wake.

"Ni wako," nikasema. "Na Jumapili utakuwa wako bado, na mwaka ujao."

"Wewe unasema mwaka ujao kama unao mfukoni," akaniambia. "Mimi nina Jumamosi."

Nilimwambia tu, usiguswe, na yeye akasema sawa.

Alhamisi nilikwenda kwa Madam Nafula kama kawaida. Kocha alikuwa anajua Alhamisi siko. Wakampeleka Dama nyumbani kwa Kocha, wakachemsha maji, wenzake wawili wakamshika mabega, na ile chupa ikapita juu ya paja la Dama mpaka akazimia kidogo. Haya niliambiwa baadaye na mmoja wa waliomshika. Ijumaa nilipofungua ile leso nilijua bila kuambiwa. Alama za vidole. Paja la moto kuliko Jumanne. Goti nililoacha linakunjwa sasa halikunjwi. Kocha akaja nyuma yangu akasema, umeona, uvimbe umepungua. Haukupungua. Ulikuwa umesukumwa chini, umekaa juu ya goti, mtu yeyote mwenye macho angeuona.

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu Zawadi ni mtoto wa mchungaji.

Jumamosi akacheza. Alikimbia kama anavuta kitu. Mpira wa kwanza aliotaka kupiga kwa mguu wa kushoto, mguu haukuja. Akaanguka peke yake, hakuna mtu aliyemgusa. Wale wa Mombasa walikaa mpaka mapumziko, wakasalimiana na watu kwa adabu, wakaondoka.

Wiki zikapita na paja likazidi kuwa gumu. Gumu la ubao, ukigonga unasikia. Madam akasema apigwe eksirei. Picha ilipotoka akaiweka kwenye mwanga, tukaona mfupa wa paja, mweupe, umenyooka, na mbele yake, katikati ya nyama pasipotakiwa kuwa na kitu, wingu jeupe. Madam akasema huo ni mfupa. Mfupa ndani ya nyama. Jeraha likisumbuliwa likasumbuliwa tena, wajenzi wanaweza kupotea, badala ya kujenga nyuzi wakajenga mfupa. Akasema halikatwi sasa, wala lisikandwe tena, lisubiriwe, lifanyiwe mazoezi mepesi. Wengi wanapata nafuu. Wengine goti halirudi lote.

Dama akauliza atacheza lini.

"Uliza kwanza utachuchumaa lini," Madam akasema.

Chumbani tulikuwa watano. Dama, mama yake ambaye alikuwa ametoka Tezo asubuhi, Madam, mimi, na Kocha Karisa, maana naye alikuja, amevaa shati safi, amekuja kuonyesha masikitiko. Mama Dama aliangalia ile picha muda mrefu. Ni mwanamke mpole, anaongea chini. Akauliza, "Nani aliyemkanda mwanangu?"

Na Kocha akasema, "Mama, anayeshika miguu yao ni huyu Kadzo. Ndiye daktari wetu."

Nataka muone alivyofanya. Hakusema uongo. Ni kweli mimi ndiye niliyekuwa nashika miguu yao. Ukimshika shati leo atakuambia hakusema uongo. Mimi nikamwangalia Dama. Dama akaangalia sakafu. Nikangoja, mimi nisiyeweza kungoja hata viazi viive, nikangoja aseme neno moja. Nikafungua mdomo mwenyewe, mama yake akainua kiganja akaniambia nisiseme naye. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo wakati anaingia, akaniitikia. Wakati anatoka nilimwamkia tena, sijui kwa nini, nilichanganyikiwa. Hakuitikia.

Mtadhani hilo ndilo lililoniuma. La. Lililoniuma ni Madam Nafula kunivuta pembeni baada ya wao kwenda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni wewe?"

Nikamwambia, "Madam, ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa hapa, mikono nyuma."

Akatoka mbio na koti lake jeupe mpaka barabarani, lakini walikuwa wameshapanda gari.

Dama alinitumia ujumbe jioni ile, samahani. Kwamba yeye ndiye aliyekubali, kwamba alimwahidi Kocha hatasema, kwamba mama yake akijua alijipeleka mwenyewe atavunjika moyo. Sikumjibu. Nilikuwa na hasira, na sasa ninayo. Kamati ikasema nipumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Nikafua bandeji zote, nikazianika, nikazikunja, nikarudisha mkoba. Hamkuukuta mchafu. Hilo mtanishuhudia.

Sasa nakaa kwa shangazi yangu hapa mjini namsaidia kuuza viazi karai. Wateja wakiona mikono yangu wanasema shangazi amepata mashine.

Wiki iliyopita nikamwona Kocha Karisa anakuja, anachechemea, ameshika ukuta. Alikuwa amecheza mechi ya wazee, akakimbilia mpira kama kijana, shavu la mguu likakatika nyuma. Akakaa kwenye benchi letu, akapandisha suruali. Pamefura, peusi, pa moto. Nikaangalia bila kutaka, macho yameshazoea.

"Kadzo," akasema, "nikande. Wale watoto wapya hawana vidole."

Hao ni nyinyi, Mishi na Zawadi. Kwa hiyo najua mlikataa au mlimgusa kwa woga, na vyovyote vile mlifanya vizuri.

Mbele yangu palikuwa na karai la maji ya moto, tulikuwa tunaosha sahani. Chumvi ipo, ndiyo biashara yetu. Chupa za soda kreti nzima. Na mwenye mguu mwenyewe anaomba. Nisiwadanganye, nilisimama pale nikaona jinsi itakavyokuwa. Ningemkanda kama alivyotaka, angelia, angesema damu inavunjika, angenishukuru. Angekwenda nyumbani na kile alichompa Dama, na hakuna mtu duniani ambaye angesema Kadzo amefanya kosa.

"Sikukandi," nikasema.

"Kwa sababu una hasira na mimi."

"Nina hasira na wewe, Kocha. Na ningekuwa sina, nisingekukanda vilevile."

Shangazi alikuwa ameacha kukaanga, anasikiliza wazi bila haya. Nikaweka mikono nyuma, nikaangalia miguu yote miwili. Nikagusa kwa mgongo wa mkono. Nikatoa leso kuukuu ya shangazi nikamfunga kutoka chini kupanda juu, na nilipokuwa nafunga nikamwuliza, bila kumwangalia usoni, nani alishika chupa siku ile.

"Ni mimi niliyemkanda," akasema.

"Mimi najua. Nenda Tezo ukamwambie mama yake."

"Kwa mguu huu?"

"Bodaboda ziko pale."

Akaenda. Sikuamini, nilimwona kwa macho yangu anapandishwa pikipiki, mguu umenyooshwa pembeni kama mkonge, na dereva anamwambia asiushushe.

Baada ya chakula cha mchana simu ikalia. Mama Dama. Nikamwamkia shikamoo, kukawa kimya, nikadhani mtandao.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kocha wako yuko hapa. Amesema."

Nikauliza mguu wa Kocha ukoje.

"Dama anasema umeifunga ile leso ukiwa na hasira, umebana, vidole vimefura. Ameifungua anaifunga upya."

Kocha alikuwa kwenye kigoda, hilo nililijua bila kuuliza, pale kwao ndivyo vilivyoko. Shavu la mguu la mtu aliyekaa kwenye kigoda liko chini kabisa. Ili ulifikie lazima ushuke.

"Mama," nikasema, "Dama amekaaje? Amechuchumaa?"

Nikamsikia anasogea mlangoni kuangalia.

"Amepiga goti moja," akasema. "Lile jingine amelinyoosha. Analijaribu, linakunjika kidogo, linakataa."

"Mwambie asilazimishe," nikasema. "Mwambie aliache lije lenyewe."